Bi Tusekile na Mashine za Watu

Tarehe 30 Juni 2004 Bi Tusekile Mwambeta anastaafu, baada ya kuwatumikia wafugaji wa Rungwe kwa miaka thelathini na mmoja, ukihesabu na ile ya shirika la umma kabla halijauzwa. Kamati ya sherehe imeniagiza mimi, Meshaki wa usafirishaji, niandike wasifu wake, uwe mfupi na wa kuchangamsha. Kuchangamsha nitajitahidi. Lakini nisiwafiche: tangu tangazo la kustaafu kwake libandikwe ubaoni hapa ofisini Tukuyu, nalisoma kila nikipita nikitumaini tarehe imekosewa. Wenzangu mnaulizana pilau litaiva saa ngapi, mimi najiuliza kesho yake nani ataunganisha kazi ya Ikuti, ya Nkunga na ya Lufingo. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kunguru wa ofisi hii mnamfahamu.

Alianza mwaka 1973 akiwa mpima maziwa, msichana mwembamba aliyebeba keni ya maziwa iliyojaa kama vile amebeba kikapu cha mboga. Kazi yake ilikuwa kutumbukiza kipimo cha kioo na kusema maziwa ni mazuri au yana maji. Aliyeongeza maji hakugombezwa. Bi Tusekile alimuuliza tu, kwa upole kabisa, kama ng'ombe wake jana alinyeshewa. Foleni nzima ilikuwa inaangua kicheko, na mtu huyo hakurudia tena.

Kisha zikaja zile habari za soko huria. Mliokuwepo mnakumbuka hofu ile. Kila gari geni likiegeshwa nje tulijua ni mnunuzi, amekuja kutukagua pamoja na viti. Majina ya wanaopunguzwa yalisomwa Ijumaa, na kuna watu mpaka leo Ijumaa ikifika hawali wakashiba. Shirika likafa, mitambo ikachukuliwa, na wafugaji wenyewe wakajikusanya wakaanzisha huu Umoja wetu. Bi Tusekile alibaki, na aliniambia baadaye kwamba mwaka ule wote alikuwa akilala na viatu karibu na kitanda, kana kwamba kufukuzwa kazi ni moto. Mimi nilidhani ni peke yangu.

Umoja ulipopata kompyuta yake ya kwanza, ilikuwa mtumba kutoka duka la Farhan pale mjini. Tuliiweka kituo cha Lufingo, kwa kuwa nyumba ya kituo ilikuwa na nondo madirishani, umeme na waya wa simu. Meneja wetu wa wakati ule, Bwana Ackson, alitaka kila kituo kiwe na ya kwake. Haikuwezekana. Hapo ndipo Bi Tusekile, ambaye alikuwa amejifunza kuitumia akiwa amesimama nyuma ya kaunta ya Farhan kila alipotoka kazini, akasema mbona kompyuta zipo? Kanisa la Ikuti lina moja ofisini. Shule ya bweni upande wa Nkunga ina moja ya wafadhili. Farhan anazo dukani. Kompyuta, alisema, ni kama kisima. Huhitaji kutembea nacho, unahitaji kujua kiko wapi, kuwasalimia wenye nacho, na kuwa na ndoo yako.

Ndoo yenyewe ilikuwa diski ya flopi, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko huo ndani ya mwingine, maana mvua ya huku haina adabu. Kila eneo liliandika sehemu yake ya kazi kwenye mashine iliyokuwa jirani. Ikuti waliandika mambo ya josho na chanjo, Lufingo waliandika maziwa ya asubuhi, Nkunga waliandika mahitaji ya shule na zahanati. Yeye alizunguka, akaziunganisha sehemu zote kwenye mashine yoyote aliyoikuta, kisha akaiacha kazi nzima kila alikopita, ili kila mmoja aone ya mwenzake. Hakuwa na meza wala hakuwa na mashine. Alikuwa na wilaya nzima.

Hofu hazikukosekana. Radi iliunguza mashine ya shule mara mbili. Siku moja virusi vya kompyuta viliingia kutoka huko Nkunga, na habari ilipofika Lufingo mfugaji mmoja akauliza kwa dhati kama ng'ombe wachanjwe. Tulicheka, lakini Bi Tusekile hakucheka sana. Alisema mashine ya wote ni kama kikombe cha wote, mmoja akiugua mnaugua pamoja. Maneno hayo nayakumbuka kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

Kuna jambo ambalo wageni hawalielewi upesi. Mwenyekiti wa kituo cha Lufingo ni Mzee Ambindwile, na Mzee Ambindwile ni baba mzazi wa mume wa Bi Tusekile. Kwa Wanyakyusa wa zamani, na hawa wawili katika hili ni wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani, na wakikaribia kukutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo ndani yake ina woga wa kweli. Vijana wengi na walokole wameiacha. Wao hawakuiacha.

Sasa chumba cha kompyuta pale Lufingo ni kimoja, na mzee, akiwa anakaribia miaka themanini, aliipenda ile mashine jamani, haisemeki. Aliandika kwa kidole kimoja, akitoa ulimi nje. Ili pasiwe na mwanya wowote wa kuonana, wakabuni utaratibu kwa kutumiana watu. Bi Tusekile akiingia anatundika kanga yake kwenye msumari wa mlangoni. Kanga ikiwa msumarini, mkwe yumo, mzee anakaa benchi la nje. Na mzee akikaa nje, nani mwingine ataingia? Hakuna. Akiondoka anajifunga kanga yake, anakohoa, anapitia mlango wa nyuma, na mzee anaingia kuendelea pale alipoachia yeye. Alfajiri mzee aliandika namba za keni zilizopokewa, asubuhi mkwe alizisahihisha na kumwachia maelezo kwenye kioo. Watu wawili ambao hawajawahi kutazamana usoni walikuwa wanamaliza kazi moja kila siku, na kuimaliza vizuri kuliko baadhi yetu tunaokaa meza moja na kunyang'anyana kalamu.

Basi ikaja ile asubuhi ya Aprili 2001. Wengi wenu mmeisikia nusunusu, na nusu yenyewe imetiwa chumvi. Mimi nilikuwepo.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, ule wa kumwona mtu akishakugonga. Bi Tusekile alimaliza kazi Lufingo mapema, nikampakia kwenye pikipiki, tukaenda Ikuti. Ofisi ya kanisa ilikuwa wazi, karani akatupisha kwa ukarimu wake wa kawaida. Bi Tusekile akaingiza diski ya Lufingo, akaiunganisha na kazi ya josho iliyoandikwa pale jana yake. Mimi nilikuwa najikausha soksi. Nilipoinua macho nikaona mkono wake umesimama hewani.

Keni namba thelathini na nane ilikuwa imeonekana mara mbili. Jana ilikuwa kwenye josho la Ikuti. Leo alfajiri ilikuwa Lufingo, imejaa maziwa.

Akaitwa Jackson, mtunza josho. Jackson ni kijana mwaminifu na hakuficha kitu, ndiyo maana alikuwa ameandika mwenyewe kwenye mashine kama alivyofundishwa. Alieleza kwamba pipa lake lilitoboka, akaazima keni kutoka gari letu, akachanganyia dawa ya kupe, akaisuuza mtoni, jioni akairudisha garini. Alisema kwa fahari kwamba aliisuuza vizuri. Dawa ya kupe, ndugu zangu! Ile ambayo kwenye chupa yake wamechora fuvu la mtu.

Na keni zile za Lufingo zilikuwa zinakwenda wapi? Simon, dereva wetu, alikuwa anazipakia saa nne, moja kwa moja kwenda shule ya bweni upande wa Nkunga. Pale uji ukishaepuliwa ndipo maziwa yanamiminwa, watoto wanapanga foleni na vikombe vyao. Mwaka ule binti yangu Tupokigwe alikuwa kidato cha kwanza katika shule hiyo hiyo. Nikaanza kuvaa soksi zile mbichi.

Simu ya shule ilikuwa imekatwa na mvua. Bi Tusekile akapiga Lufingo. Iliita, ikaita, kisha ikapokelewa na mluzi. Ule mluzi wa modemu, maana mashine ya Lufingo tulikuwa tumeiwekea kifaa hicho: isipopokelewa na mtu inajipokelea yenyewe, na ikitumiwa ujumbe inauchapisha kwenye printa. Akakata, akapiga tena. Mluzi. Mpaka leo mtu akipiga mluzi nyuma yangu nashtuka.

Akatuma ujumbe akitumia mashine ya kanisa, ambayo nayo ilikuwa na modemu: keni thelathini na nane isipakiwe, ina sumu. Tuliona umekwenda, na mashine ya Lufingo ikajibu kwamba imeuchapisha. Nikashusha pumzi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, karani wa kanisa akaitikia amina. Bi Tusekile akapiga tena ili kuhakikisha umesomwa, na badala ya mtu tukapata mluzi uleule.

Hapo ndipo alipopeleka mkono begani. Akapapasa, akapapasa bega la pili. Kisha akakaa chini, sakafuni, mama mtu mzima. Kanga hakuwa nayo.

Sikuelewa mara moja, akanieleza taratibu kama anayemweleza mtoto. Alitoka mbio kwa mlango wa nyuma bila kukohoa, akaisahau kanga msumarini. Mzee yuko kwenye benchi. Anasikia simu inalia ndani, anadhani mkwe yumo, hataki tu kuipokea. Anasikia printa inakoroma, ndiyo anaamini kabisa kwamba mkwe yumo na anachapa kazi. Hawezi kubisha hodi, hawezi kumwita, na hataruhusu mtu afungue mlango ule. Kadiri sisi tunavyopiga na kutuma, ndivyo anavyozidi kuulinda mlango ambao ndani yake hamna mtu.

Safari ya kurudi sitaki kuikumbuka na sitaisahau. Pikipiki iliteleza kwenye tope, tukaanguka, tukainuka, nikalia waziwazi wala sioni haya kusema. Nilimwona binti yangu amesimama na kikombe. Bi Tusekile nyuma yangu hakulia. Alinishika kiunoni kwa nguvu zake zote, na nilidhani ni hofu ya watoto tu. Baadaye ndipo alipokiri kwamba alikuwa na hofu mbili, na ile ya pili ilikuwa ya kwenda kusimama mbele ya mkwe wake.

Tulipofika, Simon alikuwa ameshafunga mlango wa nyuma wa gari na injini inanguruma. Mzee Ambindwile alikuwa amesimama getini, maana kila keni inayotoka lazima aione kwa macho yake. Alipomwona mkwe wake anashuka kwenye pikipiki, amejaa tope, hana kanga, alifanya kama ilivyompasa: akageuza uso ukutani. Wanawake waliokuwa pale wakafunika midomo. Walishangaa mkwe anatoka wapi, wakati yumo ndani tangu asubuhi.

Hakuingia migombani. Alitembea mpaka hatua chache kutoka kwa mzee, akamwita baba, akamwambia kwa sauti ya kusikika na watu wote kwamba maziwa yale yana sumu na gari lisiondoke. Miaka karibu thelathini ya ndoa, ndilo neno la kwanza mzee kulisikia kutoka kinywani mwake.

Kila mtu aliganda. Na ninyi mngeganda, msijitie ushujaa. Nafikiri nusu ya waliokuwepo hawakusikia habari ya sumu hata kidogo, walisikia tu kwamba mkwe amesema. Simon yeye hakusikia lolote kwa sababu ya injini. Akaondoa gari.

Basi yule mzee wa miaka karibu themanini akageuka kutoka ukutani, akaingia barabarani ndani ya ule ukungu, akanyoosha mikono yote miwili. Simon alimwona dakika ya mwisho. Breki zilipiga kelele, keni zikagongana na kuangukiana nyuma, na bampa likasimama likigusa koti la mzee. Kwa muda hakuna aliyejua kama ameumia. Bi Tusekile ndiye aliyemfikia wa kwanza. Akamshika mkono. Wakatazamana.

Mzee alimuuliza ni keni ipi, yeye mwenyewe, bila kutuma mtu. Akajibiwa. Akatazama maziwa yaliyokuwa yanachuruzika kutoka keni moja kwenda nyingine, akaagiza yamwagwe yote, hata ya kwake, na lichimbwe shimo refu mbwa wasiyafikie. Kisha akamgeuzia mkwe wake mgongo polepole, naye Bi Tusekile akaenda zake migombani, akakaa huko mpaka alipoweza kusimama tena. Nilimpelekea kanga yake. Niliiangusha njiani, nikaiokota, nikaikung'uta tope.

Wazee wa ukoo walikaa. Walisema mwiko umevunjwa na lazima mnyama atoke kuwa fidia. Mume wa Bi Tusekile alikuwa tayari kumtoa, lakini Mzee Ambindwile alituma neno kwamba mwiko waliuvunja wawili, kwa hiyo mnyama atatoka kwake. Akatoa ndama jike, na watoto wa Lufingo, ambao hawana dini, wakamwita Kompyuta. Leo ni ng'ombe mkubwa na anakamuliwa. Mzee na mkwe wamerudi kwenye heshima yao kama zamani. Ndiyo maana kamati imechagua ukumbi wenye milango miwili, na tafadhali ule wa kushoto tumwachie mzee.

Kutokana na siku ile Bi Tusekile aliweka kanuni mbili ambazo vituo vyetu vyote vinazifuata. Keni za maziwa zimepakwa rangi nyeupe na haziazimwi hata kwa maji ya kunywa. Na simu zimetolewa vyumbani zikawekwa barazani, kwa sababu, alisema, kitu cha wote kisifungiwe nyuma ya heshima ya mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni yeye. Ameacha vituo sita vinavyofanya kazi kwa mtindo wake, kwa mashine za makanisa, za shule, za maduka, na hakuna hata mwenye mashine mmoja aliyewahi kutufukuza. Hilo si jambo dogo. Watu hupendana mpaka uwaguse vitu vyao.

Winfrida ndiye atakayezunguka na diski kuanzia Julai. Anaogopa, ameniambia. Nimemjibu asiwe na wasiwasi, tutakuwa tunaogopa pamoja, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Bi Tusekile naye alituambia kitu ambacho kimenisaidia usiku kadhaa: kwamba katika kazi hii aliyeacha kuogopa ndiye wa kuogopwa.

Dada Tuse, kwa niaba ya Umoja, asante. Tunakuombea miguu yenye nguvu, migomba inayozaa, wajukuu wasiokuchosha, na asubuhi ambazo hakuna simu ya mtu inayokuhusu.

Ninayo moja ya kwangu binafsi, halafu nanyamaza. Jumapili iliyofuata siku ile nilikwenda kumtembelea Tupokigwe shuleni. Hawakuwa wameambiwa kitu. Alinipokea amenuna. Akanilalamikia kwamba baba, kazi yenu gani hii, juzi tumekunywa uji mweusi mtupu, shule nzima, hata tone la maziwa hamkuleta, watu wazima hamna huruma. Alilalamika kutoka getini mpaka bwenini, na kurudi. Nilimwacha aseme yote. Nilitembea pembeni yake, namsikiliza, nikiomba asimalize.

Ndaga fijo, asante sana, mama. Uende kwa amani, na uishi sana.